Kompaila Nayo Ina Upatanisho Wake

Wapo wanaoshikilia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana lake katika chumba cha kompyuta. Msimamo huo unafaa kupingwa, na hoja yangu naitoa katika kosa moja linalowasumbua wanaoanza kujifunza lugha ya Java, hapa Kakamega na kwingineko.

Mwanafunzi anatafuta kipeuo cha pili cha 25. Anaandika: int jibu = Math.sqrt(25), Kompaila inakataa. Anashangaa, kwani jibu ni 5, nayo 5 ni namba kamili. Asilolijua ni kwamba Math.sqrt hurejesha daima namba ya aina ya double, yaani yenye nafasi ya desimali: 5.0. Aina ya int haina nafasi hiyo, na Java haikubali kutupa sehemu ya namba bila idhini ya mwandishi.

Sisi tunalifahamu jambo hili kwa jina la upatanisho wa kisarufi. Anayesema "kiti yangu imevunjika" hueleweka sokoni, lakini sarufi sanifu humkatalia, kwa kuwa kiti ni nomino ya ngeli ya KI-VI. Kompaila nayo haiulizi maana. Huuliza ngeli kwanza.

Masahihisho ni mawili. Ama jibu litangazwe kuwa double, ama mwandishi atangulize (int) mbele ya Math.sqrt. Hili la pili lina gharama: desimali hukatwa, hazikadiriwi. Kipeuo cha pili cha 24, ambacho ni takriban 4.9, huwa 4. Anayetaka kukadiria atumie Math.round, lakini nayo, ikipewa double, hurejesha aina ya long, na kosa lile lile hurudi asipotanguliza (int).

Msomaji ataona kwamba maelezo haya hayakuhitaji lugha ya kigeni ila majina ya amri zenyewe. Istilahi za hisabati zipo, na upatanisho tunaufundisha kila muhula. Hata hivyo, ujumbe wa kompaila huja kwa Kiingereza, na wengi huukariri pasipo kuuelewa.

Napendekeza chama chetu kishirikiane na wanafunzi wa kompyuta, kikusanye makosa yanayojirudia na kuyafafanua kwa Kiswahili. Tukiwaachia wahandisi peke yao kazi hii, tusije kesho tukalalamikia istilahi watakazotuundia.