Picha Inayosafiri kwa Herufi

Siku hizi mtoto aliye mbali huweza kuwapelekea wazazi wake picha ndani ya barua pepe, nayo ikafika kwa muda mfupi tu. Lakini pengine kompyuta hushindwa kuifungua. Hapo wazee hawaoni picha. Huona mistari mingi ya herufi zisizosomeka. Wengine hushtuka, wakadhani ni maneno ya siri, au barua imeharibika, nao huifuta. Kumbe picha imo humo humo, nzima!

Je, imeingiaje? Kompyuta yajua alama mbili tu, 0 na 1. Kila moja huitwa biti, na biti nane ni baiti moja. Picha, sauti na maandishi, vyote ni baiti tupu. Basi, kanuni za barua pepe zilizotolewa mwaka 1982 zilipangwa kwa ajili ya maandishi tu, na kila herufi ilichukua biti saba. Picha yahitaji zote nane. Ikipelekwa vivi hivi, biti ya nane yaweza kukatwa njiani, na picha ikafika takataka.

Mwaka 1992 Wamarekani wawili, Nathaniel Borenstein na Ned Freed, walitoa kanuni mpya ziitwazo MIME. Ndani yake mna njia iitwayo Base64. Kazi yake ni hii: huchukua baiti tatu, yaani biti 24, huzigawa mafungu manne ya biti sita sita, na kila fungu hupewa alama moja kati ya 64. Alama hizo ni herufi kubwa A mpaka Z, herufi ndogo a mpaka z, tarakimu 0 mpaka 9, pamoja na + na /. Hizi hupita salama popote. Kwa mfano, neno “Mtu” hugeuka kuwa TXR1. Baiti za mwisho zisipotimia tatu, pengo hujazwa kwa alama ya =.

Faida hii ina gharama yake. Tatu zimekuwa nne, basi mzigo umeongezeka theluthi moja. Picha ya kilobaiti 300 husafiri kama kilobaiti 400 na zaidi kidogo.

Tena angalieni sana: kufunga hivi ni kama kutia vitu kikapuni, si kutia sandukuni na kupiga kufuli. Mwenye kompyuta yeyote aweza kufungua bila ufunguo. Akija mtu kuwaambia kwamba namba ya siri ya benki imefichika kwa sababu imeandikwa kwa Base64, msimsadiki.

Basi, mkipata barua ya namna hiyo kutoka kwa mwanenu, msiifute wala msipunguze hata herufi moja. Mwiteni mtu mwaminifu ajuaye kompyuta, naye atawafungulia.