TAHARIRI: Sheria ya sigara katika baa ibaki

Tangu tarehe 1 Julai 2007 ni marufuku kuvuta sigara au shisha ndani ya baa za England. Jamhuri ya Ireland ilitangulia Machi 2004, Scotland ikafuata Machi 2006. Hadi leo wapo wanaolalamika kuwa sheria hii ndiyo iliyoua baa za mitaani.

Hatukatai kwamba zipo baa zilizopoteza wateja, hasa ndogo zisizo na ua. Lakini baa hizo zilipigwa pia na mdororo wa uchumi wa 2008, kodi, na bia rahisi za supamaketi. Kuitwika sheria hii lawama zote si haki.

Wavutaji husema asiyependa moshi akanywe kwingine. Sawa, mteja anaweza kuhama. Je, mhudumu anayesimama kaunta usiku kucha ahamie wapi? Miongoni mwao wamo ndugu zetu wengi, ambao kazi hawakuichagua bali waliipata.

Huko Scotland, watafiti waliwapima wahudumu wasiovuta sigara. Kabla ya marufuku, asilimia 79 walikuwa na matatizo kama kikohozi na macho kuwasha. Miezi miwili baadaye walibaki asilimia 47.

Mvutaji hakunyang'anywa sigara yake. Ameambiwa atoke nje. Wenye baa nao wamwekee kibanda asinyeshewe. Lakini ndani, tunasema sheria isilegezwe. Pumzi ya mfanyakazi haiuzwi pamoja na bia.