Kiinua Mgongo cha Nani?

Lugha yetu ina istilahi inayojieleza yenyewe: kiinua mgongo. Ni malipo apewayo mfanyakazi anapostaafu, ili mgongo ulioinama kazini upate kuinuka. Lakini tujiulize, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili: ni mgongo upi ulioinama kuliko ule wa mkulima aliyeshika jembe miaka hamsini bila barua ya ajira? Huyo istilahi hii haikumjua.

Mwaka 2018, serikali ya Kenya, kupitia mpango wa Inua Jamii, ilianza kuwalipa shilingi 2,000 kwa mwezi wazee wa miaka 70 na zaidi wasiokuwa na pensheni. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2016, ikianza na shilingi 20,000 za Tanzania kwa wazee wa umri huo. Hatua zote mbili zastahili pongezi. Hata hivyo, majina yana uzito wake. Zanzibar malipo hayo huitwa Pencheni Jamii. Kwetu ni "pesa za wazee", na mara nyingi "msaada".

Nyanya yangu ni mmoja wa wanaolipwa. Malipo yanapochelewa, mara nyingine kwa miezi kadhaa, hanung'uniki. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Mjukuu wangu, mpewa hadai." Kauli hiyo ilinichoma moyo. Anayeamini kwamba amepewa sadaka hawezi kuuliza iko wapi.

Wapo watakaodai kwamba mzee wa Kiafrika hutunzwa na wanawe. Ni kweli, lakini wangapi kati ya wana hao wana kazi? Nyanya hununulia wajukuu unga kwa hizo hizo 2,000. Isitoshe, Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na Dola. Sisi wanasarufi tunaijua tofauti kati ya "na" na "au". Katiba imesema "na".

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Basi nasi tusiliharibu neno lao. Tunapoandika, tunapofasiri na tunapowajazia fomu vijijini, tuyaite malipo haya pensheni, ili nyanya naye ajue kwamba anaweza kudai.