Mafuta ya Ziwa Albert: waliokimbia wataulizwa na nani?

BUNIA – Kila asubuhi Kadhafi wa kando ya barabara anapanga chupa zake za esansi juu ya meza. Esansi hiyo ilishuka melini Mombasa, ikavuka Uganda kwa lori. Lakini Kongo inatoa mafuta yake yenyewe tangu miaka ya 1970, kule Muanda, Kongo Central. Namna gani mwenye mafuta anunue ya wengine?

Jibu liko katika biashara yenyewe. Muanda, kampuni ya Perenco inatoa karibu mapipa 20,000 kwa siku, na pipa moja ni litre 159. Ni mafuta ghafi, pikipiki haiwezi kuyatumia, na kiwanda cha SOCIR kilichoko hapo hapo hakiyasafishi. Yanapakiwa baharini na kuuzwa nje kwa kufuata bei ya soko la dunia. Kinachobaki nchini ni pesa ya kodi na sehemu ya serkali. Pesa hiyo isipohesabiwa mbele ya raia, ni kama haikuingia.

Sasa macho ya Ituri yako ng'ambo ya Ziwa Albert. Uganda ina miradi ya Kingfisher na Tilenga, na ule wa bomba la kilomita 1,443 la kupeleka mafuta ghafi toka Hoima hadi Tanga, Tanzania. Tchomia na Kasenyi, watu wanauliza: na sisi lini?

Swali ni la haki. Ila kuna lingine linalolitangulia. Sheria ya mazingira ya 2011 inadai athari za mradi zichunguzwe na raia wasikilizwe kabla ya kazi kuanza. Watasikilizwa wapi, ikiwa kijiji ni kitupu? Tangu Desemba 2017, familia nyingi za Djugu zimekimbia mara mbili, mara tatu. Mkutano ukifanyika kijijini wakati mwenye shamba yuko chini ya shiti kambini, atakayeweka sahihi ni mwingine. Siku ya kurudi, atakuta kibao cha kampuni penye muhogo wake.

Wengine watasema: mkimbizi anahitaji unga, mambo ya mafuta yangoje. Unga unaisha kwa wiki moja. Shamba likienda, limeenda na watoto.

Kwa hiyo serkali ianze na mambo matatu. Mikutano ifanyike pia kambini. Mashamba ya waliokimbia yaandikwe, pamoja na majirani kama mashahidi, mbele ya mkataba wowote. Na mkataba wenyewe, pamoja na hesabu ya mapipa yanayouzwa na bei yake, usomwe redioni kwa Kiswahili, Kilendu na Kihema.

Mafuta yamelala chini ya ardhi miaka mingi, hayataoza. Yanaweza kungoja wenyewe warudi nyumbani.