Mizani ya Pointi Iwekwe Kabla ya Msimu

Katika kata ya Viwanja Sitini, mjini Ifakara, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, imeenea miongoni mwa wapenzi wa kandanda desturi ya kuendesha ligi ya fantasi, ambamo mtu asiyepata kugusa mpira tangu alipoacha shule huteua wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya Uingereza, akakipa kikosi chake jina la fahari, akamchagua nahodha, kisha akaketi katika kibanda umiza siku ya Jumamosi akiwa na hamaki ya kocha anayesubiri kufukuzwa kazi. Wako wazee wanaoiona desturi hii kuwa upuuzi wa vijana, nami siafikiani nao, kwa kuwa mchezo wowote unaomfundisha kijana kupanga, kuhesabu na kustahimili hasara una manufaa yake. Walakini ugomvi unaoandamana nao umezidi kiasi, na aghalabu chanzo chake si miguu ya wachezaji walioko ng'ambo, bali ni kanuni ambazo sisi wenyewe tulizisahau, au tulizitunga nusu, au tulizigeuza katikati ya safari.

Asili ya mchezo huu si kandanda. Mwaka 1980 mwandishi mmoja wa Marekani, Daniel Okrent, pamoja na rafiki zake waliokuwa wakikutana katika mkahawa wa La Rotisserie Française huko New York, walianzisha ligi ya kubuni ya besiboli, na werevu wao mkubwa ulikuwa katika namna ya kuhesabu. Hawakujumlisha kila tendo la mchezaji likawa rundo moja la pointi. Walichagua mafungu manane ya kazi, manne ya wapigaji na manne ya warushaji, wakazipanga timu kwa daraja katika kila fungu, hata aliyeongoza kwa mapigo hamsini na aliyeongoza kwa pigo moja wakapata malipo sawasawa. Kwa taratibu hiyo mtu hakuweza kununua majabari wawili wa kupiga mpira mbali akalala usingizi. Alilazimika kutafuta pia mwenye mbio na mrushaji mwenye utulivu, maadamu uzembe katika fungu moja haukuweza kufunikwa na wingi wa fungu jingine.

Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2002, imefuata njia ya pili, yaani kujumlisha. Bao la mshambuliaji lina pointi 4, la kiungo 5, la beki 6. Pasi ya bao ina pointi 3. Beki na kipa ambao lango lao halikufungwa hupata 4, na kiungo hupata 1. Msomaji anayedhani kwamba tarakimu hizi ni jambo dogo na atazame mfano huu: katika msimu wa 2022/23 Erling Haaland alifunga mabao 36, na kwa kuwa ameandikishwa kuwa mshambuliaji, mabao hayo yalimpa pointi 144; katika msimu wa 2024/25 Mohamed Salah alifunga mabao 29, na kwa kuwa aliandikishwa kuwa kiungo, mabao hayo yalimpa pointi 145. Mabao saba yalimezwa na neno moja lililoandikwa kando ya jina. Salah alimaliza msimu ule akiwa na pointi 344, kiasi ambacho hakuna mchezaji aliyekifikia kabla yake, na hapana shaka alistahili. Lakini ni dhahiri kwamba sehemu ya utukufu ule aliipata kwa miguu yake na sehemu aliipata kwa kalamu ya karani.

Watunga kanuni wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana hawaachi kupima upya. Kwa miaka mingi beki aliyeokoa timu yake mara kumi kisha kipa wake akafungwa katika dakika ya mwisho aliondoka karibu mikono mitupu. Kuanzia msimu wa 2025/26 beki anayefikisha matendo kumi ya kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mpira hupewa pointi 2, na mabeki waliokuwa hawatazamwi na mtu wakaanza kugombewa. Kandanda yenyewe ilipata kufanya vivyo hivyo: Uingereza ilianza kutoa pointi 3 kwa ushindi badala ya 2 mwaka 1981, na Kombe la Dunia likaifuata mwaka 1994, kwa nia ya kuwatoa watu katika kuridhika na sare. Lakini mabadiliko hayo yote yalitangazwa kabla ya kipenga cha kwanza. Hakuna timu iliyoambiwa mwezi wa Februari kwamba ushindi wake wa Novemba umeshuka thamani.

Sisi wa Viwanja Sitini hatuna uwezo wa kubadili pointi za bao, ila tuna mamlaka kamili juu ya mambo manne, nayo ni mchango, zawadi, muda na sare. Na hapo ndipo mizani yetu inapopinda. Chukua jambo la muda. Usajili hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, na kwa mechi ya mapema ya Jumamosi wakati wa baridi ya Uingereza, mwisho huo kwetu ni saa 8:00 mchana. Mwishoni mwa Machi wenzetu wanaposogeza saa zao mbele, hurudi saa 7:00. Machi hiyohiyo ni masika, na katika bonde la Kilombero wengi wetu tumehamia mashambani kwenye mpunga, tukishinda madunguni kufukuza ndege, mahali ambapo simu huishiwa chaji na mtandao huja na kuondoka upendavyo. Fundi cherehani aliyebaki mjini hukumbuka kumwondoa mchezaji aliyeumia. Mkulima hurejea baada ya majuma matatu akakuta nahodha wake yuko hospitalini. Kanuni za Uingereza zina nafuu kidogo, kwani uhamisho wa bure usiotumika huweza kuwekwa akiba hadi mitano, na wa ziada hugharimu pointi 4. Lakini kikundi chenye insafu kingeongeza nafuu yake, kwa mfano kumruhusu mkulima amwachie mwenzake dhamana ya kikosi, jambo hilo likijulikana kwa wote na kuandikwa mapema.

La zawadi ni zito zaidi. Vikundi vingi humpa mshindi wa mwaka mchango wote, na matokeo yake huonekana mwezi wa Januari: watatu wa juu wanafukuzana, na saba waliobaki wameacha hata kufungua vikosi vyao. Wengine hukimbilia mtindo wa wawili wawili kupambana kila juma, ambao una utamu wake, ila una dhuluma pia, kwa sababu mtu aliyepata pointi nyingi kuliko wote isipokuwa mmoja huweza kupoteza kwa kuwa alipangiwa huyo mmoja. Naona wastani ulio bora ni kuoanisha njia mbili nilizozieleza mwanzoni, ya kujumlisha na ya daraja: jumla ya mwaka ibaki kuwa kipimo cha bingwa, naye apewe nusu ya mchango; nusu ya pili igawanywe kwa miezi, na katika kila mwezi tuhesabu kwa daraja kama walivyofanya watu wa besiboli, wa kwanza wa juma apate 10, wa pili 9, hivyo hivyo hadi wa kumi apate 1. Mtu aliyemtia mchezaji unahodha wa mara tatu akavuna pointi 60 kwa juma moja atafurahi katika hesabu ya mwaka, lakini katika hesabu ya mwezi, hata akiongoza juma hilo, atamzidi wa pili kwa pointi 1 tu, na wa mwisho wa Januari ataamka Februari akiwa na sababu ya kupanga kikosi.

Atasema msemaji kwamba kugawanya hivi ni kuwabembeleza wavivu, na kwamba aliyetoa jasho mwaka mzima apewe chote. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana sikusema bingwa anyimwe. Lakini bingwa wa ligi iliyokimbiwa na watu saba amemshinda nani? Atasema mwingine kwamba mchango wenyewe ni kamari. Naye nitamjibu kwamba dawa ni kuufanya mchango kuwa mdogo, au kununulia pilau ya watu wote mwisho wa msimu, maana fedha zikizidi kiasi, watu huacha kuhesabu mabao wakahesabu mkeka.

Limebaki jambo la mwendeshaji. Aghalabu yeye ndiye mshiriki, ndiye mhasibu, ndiye kadhi, na hapo hata malaika angeshukiwa. Mkulima wa Ifakara anaijua lumbesa, gunia linaloongezwa kilemba na mnunuzi aliyeshika vipimo peke yake. Basi tusijifanyie lumbesa sisi kwa sisi. Fedha akae nazo mtu asiyecheza, hesabu za kila mwezi ziandikwe katika daftari linaloweza kufunuliwa na yeyote, wakilingana wawili atangulie aliyefanya uhamisho mchache, na kila shauri jipya, hata likiwa jema namna gani, lisubiri msimu ujao.

Ligi ya Uingereza hufunguliwa Agosti. Julai mpunga wa wengi umekwisha kuingia ghalani na watu wamerudi mjini. Basi wanakikundi wakutane mwezi huo, wajadiliane kwa utaratibu, waandike kanuni zao kwa wino, watie saini, kisha wazitii mpaka Mei, hata siku zitakapowauma.