Kabla ya roboti, mwalimu: vakansi kubwa isipite tena bure

Wazazi, walimu, vijana wenzetu wa Goma, tuanze na programu ya masomo, juu njo fasi uongo unaanzia. Programu mupya ya sayansi, ile iliyoingia sekondari tangu 2018, iko na tawi moja lenye jina refu: sayansi ya fizikia, teknolojia, na teknolojia ya habari na mawasiliano. Walimu wanaiitaka kwa herufi tu, SPTTIC. Kwa karatasi ni kitu kizuri kabisa. Lakini uingie darasani, Katindo ao Majengo, uone. Mwalimu anachora ordinatere kwa chaki. Anachora ekrani, anachora klavye, anaandika majina pembeni. Watoto wanakopia. Siku ya mtihani wanachora tena, na mwenye kuchora vizuri anapata 8 juu ya 10. Mutoto huyo amefundishwa kuchora. Ordinatere hajaigusa.

Hatumucheki mwalimu. Yeye mwenyewe alifundishwa vile, na mwalimu wake naye vile. Wamemupa programu, hawakumupa mafunzo, hawakumupa kifaa, kiisha inspektere anapita kumuuliza kama kitabu cha matayarisho kimejazwa.

Sasa muji wetu umepata homa mupya: roboti. Kila mwenye mradi anataka kuleta roboti kwa watoto. Siku 3 katika hoteli, bendera ukutani, tisheti, jus na sambusa, roboti ndogo ya plastike inazunguka meza, foto, cheti, kila mutu arudi kwake. Roboti inarudi ndani ya valizi pamoja na mwenye kuileta. Juma linalofuata mwalimu yuko mbele ya darasa lake, na chaki yake, kama vile hakuna kilichotokea. Tumeiona hii mara nyingi, na tunasema wazi: hiyo ni maonyesho, si elimu. Mutoto mmoja akishangaa siku moja ni furaha yake. Mwalimu mmoja akijua kazi, ni watoto wa miaka 30 mbele.

Njo maana tunadai kitu kingine: atelie za utafiti kwa walimu, Julai na Agosti, kila mwaka, ndani ya vyuo vyetu wenyewe. Walimu wa fizikia, wa hesabu, wa shule za ufundi, wakae wiki 4 mpaka 6 pamoja na maprofesa na maasistanti wa ISTA, wa ULPGL, wa Chuo Kikuu cha Goma, wafanye kazi ya utafiti ya kweli, na kila mmoja atoke na masomo aliyotunga mwenyewe kwa darasa lake. Hii si ndoto ya vijana wasiolala. Marekani wako nayo. Shirika lao la taifa la sayansi, NSF, liko na programu ambamo walimu wa sekondari wanaingia maabara ya chuo kikuu wakati wa vakansi, karibu wiki 6, wanatafiti mambo kama roboti na utengenezaji wa kisasa, kiisha wanarudi darasani na kitu mikononi. Na, wazazi, sikilizeni vizuri hapa: wanalipwa. Nchi tajiri ile, yenye walimu wenye mishahara, inamulipa mwalimu juu ya wiki zake za vakansi. Sisi tunamwita mwalimu asiyelipwa, tunamupa chupa ya maji, tunamwambia ajitolee kwa sababu ya taifa.

Mwalimu wa Goma hana vakansi. Julai ikifika anapanda mota kuwa motari, ao anauza unite za telefoni, ao anavuka Petite Barrière na muzigo kichwani. Na kuko walimu wanaoitwa NU, wanaofundisha miaka na miaka bila kuingia kwa lisiti ya mushahara. Tangu M23 ilipoingia muji mwisho wa Januari 2025, benki zilifunga milango, na hata yule mwenye mushahara, kupata franga mkononi ni kuachia wengine sehemu yake. Kumwita mutu kama huyo kwa wiki 6 bila malipo ni kutoa chakula kwa sahani ya watoto wake. Kwa hiyo dai la kwanza si roboti. Ni posho ya kila siku ya atelie, inayolipwa kwa wakati, na isipite kwa mikono 7 kabla ya kufika.

Kuko wanaotuuliza: "Watoto wanasomea chini ya bashi, wanakaa juu ya mawe ya volkano, na nyinyi muko munadai roboti?" Ni swali la haki. Tunalijibu. Roboti, ukiifungua, ni nini? Ni motere, betri, kifaa cha kuhisi, na programu inayosema "ukiona hivi, fanya vile". Ni fizikia ileile ya programu, ile mutoto anayokariri bila kuelewa. Volti, nguvu, mwendo, gia. Tena haiitaji valizi kutoka Ulaya. Nenda Birere, kwa wale vijana wanaotengeneza telefoni na redio barabarani. Utakuta emprimante zilizokufa, zimetupwa kwa kona. Ndani ya emprimante moja kuko motere ndogo, gia, mukanda, chuma cha kutelezea, na jicho dogo linalohisi karatasi inapopita. Mwalimu aliyefundishwa kuifungua, kujua kila kipande kinafanya nini, na kukifanya kizunguke tena, huyo yuko na maabara. Yule anayengoja kartoni ya msaada atangoja mpaka pansheni.

Na kama munataka utafiti wenye maana hapa kwetu, tuanze na mazuku. Hapa Goma mutu hatakuuliza mazuku ni nini. Gesi ya kaboni, CO2, inatoka udongoni, ni nzito kuliko hewa, inakaa kwa mashimo na mabonde, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Haina rangi, haina harufu. Mbuzi anaingia kulisha, haamuki. Mutoto anatumwa kuokota kuni, vilevile. Upande wa magharibi wa muji, Mugunga, Bulengo, Kyeshero, watu wamejenga karibu kabisa na fasi hizo, juu vita haviwaachii kuchagua kiwanja. Sasa fikiri: atelie ya walimu ikae wiki 6 na swali moja tu. Je, tunaweza kutengeneza gari dogo la magurudumu 4, lenye kifaa cha kupima CO2, lishuke ndani ya shimo badala ya mutu, litume hesabu kwa telefoni? Kuko fizikia, kuko kemia, kuko programu, kuko kusude, kuko hesabu ya kuchora grafiki. Kituo chetu cha kuchunguza volkano, OVG, kiko hapahapa, na wataalamu wake wanaijua gesi hiyo kuliko mutu wa mbali. Mwalimu wa Mugunga akimaliza kazi ile, darasa lake halitakuwa na swali la "hii inatusaidia nini". Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka usiku, tukakimbia bila mutu kutuambia mapema. Muji unaoishi juu ya moto na gesi, na haufundishi watoto wake kupima, huo ni muji unaocheza na maiti zake.

Utengenezaji wa kisasa vilevile, wengine wanaona ni neno la China na Ujerumani. Nenda basi kituo cha Shirika la Umoja, kwa ndugu zetu waliokatwa miguu na risasi na mabomu. Pale wanachukua umbo la kisiki kwa plasta, wanapasha moto bamba la plastike inayoitwa polipropilene, wanalivuta juu ya umbo lile, wanalikata, wanalinganisha mpaka mutu asimame. Kipimo kikikosea kidogo tu, mguu unachubua. Hiyo ni kazi ya vipimo, ya joto, ya nguvu za vitu. Ni teknike ya juu, na inafanyika katikati ya muji wetu. Ni walimu wangapi wa shule za ufundi wamewahi kukaa pale hata siku 2 kujifunza? Na fundi wa chukudu, je? Muji umemujengea sanamu ya dhahabu katikati ya rompwe, tunapiga nayo foto za arusi. Mutu mwenyewe, anayejua mbao gani itabeba kilo 400 za viazi kushuka kutoka milimani, hajawahi kuitwa darasani aeleze mbele ya wanafunzi wa makanika.

Kuranti nayo wasituletee kama kisingizio cha kila siku. Tunajua inakatika. Lakini Matebe inazalisha umeme wa maji tangu 2015, megawati 13, na Ndosho iko na mitambo ya jua ya Nuru, megawati 1.3, tangu 2020. Kuko fasi za kufanyia atelie. Kinachokosekana ni mutu wa kuamua.

Tuongeze moja, hata kama imesemwa mpaka imechoka. Koltani ya Rubaya inaingia ndani ya vifaa vidogo vya umeme vya telefoni na roboti. Kasiterite ya Walikale inakuwa waya wa kusude unaounganisha vipande hivyo. Waya huo unarudi Birere ndani ya kartoni kutoka Asia, na tunaununua kwa mita. Wakubwa wanalia juu ya madini yetu kwenye mikutano. Hakuna aliyesimama kuuliza ni mwalimu gani Masisi anaweza kuonyesha mutoto jiwe lile linafanya kazi gani ndani ya telefoni ya baba yake. Kinshasa walisimamisha roboti za kuongoza magari tangu 2013, kazi ya ingenia Thérèse Izay Kirongozi na wenzake, dunia nzima ikaja kupiga foto. Wakubwa walijivunia. Kiisha? Ni shule ngapi zilipata mwalimu aliyepita katika atelie ile? Tungependa tupewe hesabu.

Basi, kwa wizara ya elimu Kinshasa: vita si ruhusa ya kutusahau. Wekeni atelie ya vakansi ndani ya bajeti, na majina ya walimu na vyuo, si ndani ya hotuba. Kwa wale wanaoshika muji kwa silaha: darasa si la kwenu, vifaa vya masomo si vya kuchukuliwa, na mwalimu anayejifunza asiulizwe yuko upande gani. Kwa vyuo vya Goma: maabara zenu zinalala Julai na Agosti, fungueni milango kabla ya kungoja mufadhili. Kwa mashirika: ile franga ya hoteli ya siku 3, ihesabuni upya, muone ingelisha mwalimu mmoja wiki ngapi.

Sisi kwa upande wetu tunaanza kukusanya emprimante, redio na ordinatere zilizokufa. Betri za laptopu zilizovimba musilete, zinaweza kushika moto.

Na nyinyi wazazi, musingoje tamko lingine. Septemba, kwa mukutano wa kwanza wa komite, simameni mumuulize prefe kwa heshima: nani anafundisha SPTTIC hapa, na mara ya mwisho alifundishwa lini? Shule iko na ordinatere ngapi zinazowaka? Na kama iko moja, imefungwa ndani ya biro yake, imefunikwa kitambaa, mwambieni alete ufunguo palepale.