Sekunde Kumi na Moja

Nilihesabu. Mzee mmoja pale mangweni Kibaoni, Kilifi, nilimpa simu yangu akaiweka sikioni. Akasikiliza sekunde kumi na moja za albamu mpya ya mjomba wangu, akanirudishia simu. "Si mbaya," akasema. "Lakini si kama zamani." Kisha akashika mrija wake akarudi kwa mnazi.

Sekunde kumi na moja! Gitaa lilikuwa halijamaliza kuingia. Mjomba mwenyewe alikuwa hajafungua mdomo.

Kwa wiki tatu nimezunguka na albamu hiyo kwenye simu, kutoka Shella ya Malindi hadi Mnarani, nikiwapa watu wasikilize na kuwauliza wanaonaje. Sina kazi ya ofisi, kwa hiyo muda ninao. Nilidhani nitaandika makala tamu kuhusu bendi kongwe iliyorudi. Sai naandika hii kwa sababu nimekasirika, na nataka kugombana na watu.

Kwanza mjue nazungumzia nini. Bendi ya mjomba ilianza mwaka 1993, vijana wanne na gitaa la kukopa, ndani ya hoteli ya ufuoni Malindi. Jina la bendi ameniomba nisiliandike, watu wasije wakasema anamtumia mpwa wake kujitangaza. Miaka yote hiyo wamepiga nyimbo za watu. Mwaka jana mjomba aliuza pikipiki yake, wakaingia studio ndogo Kilifi, wakarekodi nyimbo nane walizozitunga wenyewe. Ni mwanzele, mapigo yale yale ya matanga na harusi za Kigiriama, lakini juu yake kuna gitaa lenye mkwaruzo, sauti chafu kabisa, kama bendi za roki za Marekani za miaka ya tisini. Mjomba ana kanda ya Nirvana aliyoachiwa na mtalii Mwitaliano mwaka 1995. Amekaa nayo karibu miaka thelathini, na hakuna hoteli iliyowahi kumuuliza alikuwa anasikiliza nini akiwa kwake.

Nianze na wazee, manake ndio wanaojiona wana haki zaidi. Malalamiko yao ni mamoja: hilo gitaa si letu, mwanzele ni kayamba na ngoma basi, mambo ya umeme ni kelele za wazungu. Wazee wangu, shikamooni, lakini hapa mnatudanganya. Fundi Konde alikuwa nani? Mzaliwa wa 1924, Mgiriama wa huku huku, na ni miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kurekodi kwa gitaa la umeme. Kwa hiyo umeme tumekuwa nao kabla hata wengi wenu hamjazaliwa. Na bango je? Leo harusi ya huku bila bango watu wanaondoka mapema. Bango ni kitu alichokitengeneza Joseph Ngala wa Freretown, akachanganya rumba, jazi na midundo ya Kimijikenda, akaweka na saksofoni. Saksofoni iliota kwenye kaya gani? Kila kitu mnachokiita cha asili, kuna mtu alikianzisha, na bila shaka kulikuwa na mzee mangweni aliyesema si kama zamani.

Halafu kuna ule wimbo. Mnaujua, hata sina haja ya kuutaja, lakini acha niutaje: Jambo Bwana. Ndugu wa familia ya Harrison kutoka Kaloleni, kaunti hii hii yetu, ndio Them Mushrooms. Teddy Kalanda aliutunga wakati wakipiga muziki kwa wageni wa hoteli za Mombasa, ukatoka mwaka 1982. Ndani ya miaka mitano ziliuzwa nakala kama 200,000. Mwaka 1983 Boney M nao wakatoa wa kwao. Tangu hapo umeimbwa na kila mtu mwenye shati la maua.

Ulipotoka, huo wimbo ulikuwa mpya. Hiyo ndiyo sehemu tunayoisahau. Vijana wa Kaloleni walitunga kitu ambacho hakikuwepo, na watu wakakipa nafasi. Na hawakuishia hapo. Walitoa Nyambura, wakatoa Embe Dodo, wakamrudisha Fundi Konde studioni uzeeni mwake nyimbo zake zikasikika tena. Hiyo ni kazi ya miaka hamsini. Lakini Teddy Kalanda alipofariki mwaka 2024, niliuliza watu kumi hapa mjini Malindi wanitajie nyimbo tatu za Them Mushrooms. Wa kwanza waliutaja wote kumi. Wa pili waliutaja watatu. Wa tatu, mtu mmoja, naye ni mpiga besi wa mjomba.

Sasa fikiria umepiga muziki miaka thelathini kwa watu wa namna hiyo. Nilikaa na mjomba tukapiga hesabu nyuma ya karatasi ya chai. Usiku mmoja hotelini huo wimbo haupungui mara tatu. Kukiwa na keki ya mtu, mara tano. Ukitoa miaka mibovu, ule wa 2008 baada ya vurugu za uchaguzi, ule wa 2014 wageni walipokatazwa na serikali zao na hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine, na ule wa korona, bado tulifika kama mara elfu kumi na tano. Mjomba aliiangalia ile namba akacheka mpaka akakohoa. Mi sikucheka.

Meneja mmoja wa hoteli, sitamtaja, nilimpelekea albamu ofisini. Hakuiweka hata. Akaniambia wageni wanataka wanachokijua. Wamekijua wapi? Mgeni ametoka Milano, ni mara yake ya kwanza Kenya, ameshuka ndege jana. Anakijua kwa sababu ndicho alichopigiwa uwanja wa ndege, ndani ya basi, na akiwa anapewa maji ya dafu mlangoni. Ukimlisha mtu wali siku saba halafu useme anapenda wali, huyo hujamuuliza. Bendi nzima, watu watano, inalipwa shilingi 6,000 kwa usiku, na kwa pesa hiyo mnataka pia waendelee kuwa vile vile walivyokuwa mwaka 1993, mashati yale yale, tabasamu lile lile.

Vijana wenzangu sitawapotezea muda. Wengi waliniambia "hii ni ya wazee" baada ya kuona picha ya jalada. Wale wa sherehe za Mwaka Mpya chini ya mibuyu Kilifi, wenye bangili za kitambaa mkononi hadi Machi, gitaa hilo hilo kwenye mapigo hayo hayo lingeletwa na DJ wa Berlin wangefumba macho na kusema wameguswa.

Lakini kilichonifanya niandike ni wimbo wa nne.

Wimbo wa nne una dakika tisa. Hauna kiitikio. Mjomba ana miaka 61 na nywele zake ni nyeusi tititi. Wageni hudhani ni urembo wa jukwaani. Mtu wa huku hadhani hivyo. Mtu wa huku anajua kwa nini mwanaume wa miaka 61 anakaa nyuma ya nyumba kila mwezi anapakwa piko. Kilifi hii mvi ni hatari. Wazee wanasingiziwa uchawi na kuuawa, wengine ndani ya nyumba zao wenyewe, na mara nyingi ukichimba chini ya huo uchawi unakuta shamba. Kuna wazee ambao wamelazimika kukimbilia Kaya Godoma kule Ganze, wakaishi huko kama wakimbizi, umbali wa safari ya matatu kutoka kwenye minazi waliyoipanda.

Wimbo wa nne ni mwanaume anapaka nywele zake. Basi. Anachanganya piko, anataja bei ya pakiti, anasema mkono unaompaka ni wa mkewe na unatetemeka. Anahesabu majirani aliokuwa nao na aliobaki nao. Gitaa linaanza kwa upole, na dakika ya sita linapasuka. Kayamba haliachi. Mara ya kwanza nilipousikiliza wote nilikuwa kwenye matatu, na pale Gede nilishindwa kumwambia makanga nishuke. Nikashukia Watamu.

Nasema mara ya kwanza nilipousikiliza wote, manake nilipoletewa albamu, huo wimbo niliuruka. Niliona dakika tisa nikasema mjomba naye. Kwa hiyo hasira hii nimo ndani yake. Na kuna lingine. Karo yangu ya chuo ililipwa na Jambo Bwana. Mara tatu kwa usiku, mara tano kukiwa na keki. Mwaka 2020 hoteli ilipofungwa, karo ikakatika, nikaacha chuo mwaka wa pili. Mjomba mwenyewe ananikataza kuutukana. "Huo umekula sahani moja na wewe," ananiambia. Siutukani. Nawatukana nyinyi.

Nyinyi mliosikia wimbo wa mtu anayejificha asiuawe, mkaniambia ni mrefu. Mmoja alisema hauchezeki. Mmoja, mwalimu mzima, akaniuliza mbona wanatuharibia starehe, si walikuwa bendi ya furaha? Ati bendi ya furaha! Furaha mmeinunua kwa shilingi 1,200 kila mwanamuziki, na hapo hamjatoa nauli ya kurudi nyumbani usiku.

Msinielewe vibaya, sisemi msifu. Albamu ina makosa, na ningefurahi mtu aniletee hata moja. Wimbo wa pili ni rege ya kujaza nafasi, ushaisikia mara mia. Wa sita wameweka ngoma za kompyuta, inasikika kama mtu anabisha mlango wa choo. Kayamba limewekwa chini mno karibu albamu nzima isipokuwa wimbo wa nne, na hilo kwa rekodi ya mwanzele ni aibu, nimemwambia fundi wa studio mbele ya mjomba. Wa saba sauti ya mjomba imechoka, wangeurudia siku nyingine, lakini pesa ya pikipiki ilikuwa imeisha. Hayo ndiyo maoni. Yanataka mtu asikilize dakika arobaini na mbili, si zaidi. Kungoja feri ya Kilifi enzi zile kabla ya daraja, mlikuwa mnangoja zaidi ya hapo na hamkufa.

Katika watu thelathini na kitu niliowapa simu, aliyesikiliza wimbo wa nne mwanzo hadi mwisho ni mmoja. Mama muuza viazi karai, Malindi, karibu na stendi. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, wateja wamesimama. Aliiweka simu begani akaibana na sikio, mikono ikiendelea kuchovya viazi kwenye unga. Dakika tisa. Wateja wakaanza kunung'unika, hakuwajali. Wimbo ulipoisha hakusema chochote, akaepua viazi, akachuja mafuta, akahudumia watu wawili. Mi nimesimama tu kama mdaiwa.

Kisha akasema, "Huyu hajasema yote."

Nikamuuliza vipi, mama.

"Amesema mvi. Amesema shamba. Amesema majirani. Mbona hajasema ni wana wetu? Ni wana na wapwa ndio wanaokuja usiku. Majirani wanawaonyesha mlango tu. Anajua. Ameogopa kusema." Akapangusa simu kwa leso akanirudishia. Hakutaka hata nimlipe viazi.

Kwa wiki tatu nilikuwa nikitafuta maoni ya msikilizaji, na nilipoyapata nilitembea nayo hadi Barani nikiwa sijui nitayafikishaje. Mimi ni mpwa. Shamba la mjomba liko Marafa, ekari nne, na nyumbani limeshazungumzwa mezani, kwa sauti ya chini, mimi nikiwepo.

Nilimkuta mjomba barazani anabadilisha nyuzi za gitaa, anajiandaa kwenda hotelini. Nikamweleza neno kwa neno kama mama alivyosema. Akanyamaza muda mrefu, akakaza uzi mmoja, akaulegeza, akaukaza tena. Mkewe akatoka ndani na shati la maua lililopigwa pasi, akaliweka kwenye kiti.

"Huyo mama," akaniuliza, "anauza upande gani wa stendi?"